Mama Tume na Mrija wa Matanga

Alhamisi, tarehe 19 Novemba. Ukungu haukuondoka bondeni mpaka karibu saa tano, halafu yakaja manyunyu yasiyoamua kama ni mvua au siyo. Maharage yameanza kutoa maua na nahofia yataoza.

Jana nilikuwa Biharamulo kumwona Mama Tume. Nimerudi na kichwa kizito kuliko nilichoondoka nacho. Nataka niandike habari zake leo kabla sijazichanganya, ingawa nadhani zimeshachanganyika. Mimi niliishia darasa la saba, na sina hakika kama mtu wa kiasi changu anaweza kumwandika mtu kama yule na kumtendea haki. Nitajaribu kuacha mazuri yake na mabaya yake palepale yalipo, nisiyasogeze.

Niseme kwanza kwa nini nilikwenda. Hapa ninapokaa, Ntobeye, ni sehemu ya kibanja cha marehemu baba, shamba lake la migomba. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani na binti yangu Editha, baba alinionyesha upande wa chini, kutoka kwenye migomba ya mwisho mpaka korongoni, akasema, "Lima hapa, jenga." Hakuandika kitu. Sasa baba hayupo, na kaka yangu mkubwa anataka kuuza upande huo. Anasema baba alinipa mahali pa kulima maharage, hakunipa ardhi. Wiki ijayo tunasikilizwa kwenye baraza la ardhi la wilaya. Nikishindwa, mimi na Editha hatuna pa kwenda. Na shahidi ambaye kila mtu ananiambia nimwite ni Mama Tume, ambaye ndiye shahidi ninayemwogopa kuliko wote.

Jina hilo la Mama Tume alipewa na watu. Ipo Tume ya taifa, ile iliyowekwa kwa sheria kuangalia haki za wanawake, na zamani watu wake walifika kwenye kata yetu wakaomba tuchague mtu wa kupokea malalamiko na kuyafikisha kwao. Mkutano ulinyamaza. Wanaume waliangalia viatu vyao, wanawake wakaangalia wanaume. Katikati ya ukimya ule mama mmoja akasimama, na mwenyekiti akadaka palepale: "Haya, huyo aliyesimama!" Makofi yakapigwa. Kumbe alikuwa amesimama kumfuata mbuzi wake aliyekata kamba.

Hivyo ndivyo alivyonisimulia mara ya kwanza. Mara ya pili alisema, "Mbuzi alikuwa kisingizio. Nilisimama kwa sababu nilitaka." Mara ya tatu mbuzi akarudi. Sikuwahi kujua ni ipi ya kuamini, na sasa naona huenda zote mbili ni kweli, kama jambo hilo linawezekana.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na alivaa mabuti ya mvua hata kiangazi. Siku za kazi ya Tume alijifunga kitenge cha bluu, kimoja tu, ambacho ilibidi akifue siku moja kabla. Basi wanaume walikuwa wakiiangalia kamba yake ya nguo. Kitenge kikianikwa, vijiweni unasikia: "Kuna mtu kesho ana kesi." Nyakisasa alikuwako bwana mmoja aliyempokonya mkewe cherehani. Aliposikia tu kwamba kitenge kimelowekwa, alikirudisha cherehani chenyewe kabla jua halijazama, tena amekipaka mafuta.

Lakini hiyo Tume yenyewe ni nini? Hapo ndipo nilipopotea, na sikupotea peke yangu. Siku moja nilikuwa kwake alipofika mwanamke kutoka Mabawe, mdomo umevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Mama, naomba askari wa Tume."

"Tume haina askari."

"Basi nipeleke kwa hakimu wake."

"Hakimu pia haina."

"Sasa ina nini, mama?"

"Ina masikio. Ina kalamu. Na huku kwetu ina miguu hii miwili, na huu wa kulia unaniuma."

Yule mwanamke alicheka akashika mdomo kwa maumivu. Mama Tume akavaa mabuti, akampeleka mwenyewe mpaka dawati la jinsia polisi, na kule akakaa kwenye benchi mpaka maelezo yake yakaandikwa. Ndipo akaandika na kwa Tume, ili wakubwa wafuatilie kama jambo limeshughulikiwa. "Hiyo ndiyo kazi," aliniambia. "Tume haikupigii mtu. Inamtazama yule anayepaswa kukusaidia, ili ajue anatazamwa."

Nilielewa siku ile. Wiki iliyofuata, kwenye jumuiya, baada ya rozari, aliwaambia akina mama kitu kingine: "Sheria ni mwavuli wa watu wengi. Ukitaka ikufunike, sogea." Nikajiuliza, sasa ni sisi tunaotazama au ni sisi tunaosogea? Nilitaka kumuuliza nikaona aibu.

Nisimpambe. Zipo kesi ambazo mguu wake ulizidisha ubaya. Kuna mume ambaye baada ya kuandikiwa alimpiga mkewe zaidi, na yule mwanamke akarudi kwao na hajarudi tena kijijini. Hilo Mama Tume hakuwahi kulisimulia. Nililisikia kwa wengine, na nilipolitaja mbele yake alinyanyuka akaenda kuangalia chungu kisichokuwa jikoni.

Namna yake ya kusikiliza ilikuwa moja. Hakuruhusu mtu aanze kueleza akiwa mikono mitupu. Alikupa kisu na mkungu. "Menya huku unasema." Nilimuuliza sababu, akasema, "Mwenye kisu mkononi hasemi uongo mwingi, atajikata." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nina watu wengi wa kulisha." Hivyo ukienda kwake kushtaki, ulimwachia chakula cha mchana kimeshamenywa. Watani wake walisema Tume yake inalipwa kwa ndizi. Yeye alicheka kuliko wao.

Wanawake wenzake hakuwaonea haya. Mmoja alikuja kumsingizia mumewe ili amkomoe, Mama Tume akamsikiliza mpaka ndizi zikaisha, kisha akamwambia, "Umeniletea uongo mzuri kabisa. Sasa nitaupeleka wapi? Kule wanauliza majirani." Akamrudisha na maganda akawape mbuzi wake.

Na nyumbani kwake? Nyumbani alipiga magoti kumpa mumewe maji ya kunawa. Kila siku, mbele ya wageni. Tuliokwenda kwake kwa sababu ya kuonewa na wanaume tulikuwa tunakaa palepale tunamwona. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza.

"Mama, wewe unatufundisha tusimame, mbona wewe unapiga magoti?"

"Magoti ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi. Nikipigishwa, hiyo ni kesi. Nikipiga mwenyewe, hayo ni mapenzi, na wewe hayakuhusu."

Nilitosheka na jibu lile kwa miaka kadhaa. Lakini lipo jingine ambalo halina jibu zuri namna hiyo. Yeye aliyetuambia kila mahali kwamba binti ni mtoto kama kaka yake na ana fungu lake, walipogawa kibanja chao yeye na mumewe, waliwapa wavulana chote. Binti yao wa pekee, aliyeolewa Biharamulo, hakupata hata mgomba. Ntobeye nzima inajua. Kaka yangu anajua kuliko wote, kwa sababu amepakana na watoto hao.

Sasa nieleze habari ya mrija, ambayo ndiyo imenifikisha hapa.

Kwetu watu wawili wenye ugomvi hawanyonyi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka chungu kimoja. Wakinyonya, ugomvi umezikwa, na atakayeufukua anaonekana mchawi. Wazee hawahitaji karatasi wakishaona mirija miwili kwenye chungu. Mimi na kaka tulikuwa tumeshaanza kuvutana wakati huo, na Mama Tume alikuwa ameshaandika malalamiko yangu. Aliniambia mwenyewe, "Usinywe kitu kwake mpaka wale wa Tume wafike." Nikashika. Hata maji sikunywa kwa kaka.

Kisha mumewe Mama Tume akafariki. Siku ya kuondoa matanga sote tulikwenda, kaka na mimi pia, tukakaa mbalimbali. Chungu kikawekwa katikati ya uwanja. Kaka akanyonya, akarudi nyuma. Mara nikamwona Mama Tume mwenyewe, amevaa nguo za msiba, ananijia. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye chungu kilekile, akanishikisha mrija.

Ningefanya nini? Kukataa pombe ya matanga ni kusema unafurahia mtu kufa. Na aliyenishikisha ni mfiwa. Na mfiwa ndiye Mama Tume. Nilinyonya. Nilipoinua kichwa, kaka alikuwa ananitazama, halafu akawatazama wazee, nao walikuwa wananitazama mimi. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinasema tumepatana, na kwamba nimekubali shamba liuzwe.

Ofisa wa Tume alipofika kwenye ofisi ya kata, alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpole, anayeandika haraka. Alinisikiliza, akamsikiliza kaka. Kaka akasema, "Huyu dada yangu tumeshamalizana. Tulikunywa."

"Mlikunywa nini?"

"Rubisi."

"Ndiyo, lakini mliandikiana nini?"

"Tulikunywa," kaka akarudia, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango ulio wazi.

Yule dada akamgeukia Mama Tume. "Mama, hii maana yake nini?"

Mimi nilishapumua. Nilijua atanitetea. Akasimama na kitenge chake cha bluu, akasema, "Kwa mila zetu, waliokunywa chungu kimoja wamezika ugomvi. Na huyu binti alikunywa. Mrija nilimpa mimi."

Akakaa. Nilimwangalia, yeye akaangalia mabuti yake.

Yule ofisa alieleza kwa utaratibu kwamba Tume haiamui shamba ni la nani, kazi yake ni kusikiliza, kushauri na kufuatilia kama sheria inafuatwa. Akasema kwa sheria binti ana haki ya kumiliki ardhi kama mtoto wa kiume, na kunywa pombe msibani si mkataba wa kuuza. Akanishauri niende baraza la ardhi, akanipa jina la msaidizi wa kisheria wa kunisindikiza. Kaka alirudi nyumbani akitangaza kwamba Tume imejitoa. Mimi nilirudi nikisema Tume imeniunga mkono. Tulikuwa tumekaa benchi moja tukisikia maneno yaleyale.

Sikuongea na Mama Tume baada ya hapo. Yeye pia hakunitafuta. Baadaye nikasikia wanawe wameuza sehemu kubwa ya kibanja kile na wanagombania iliyobaki, na mama amechukuliwa na yule binti yake wa Biharamulo. Yule asiyepewa kitu.

Jana basi nilipanda gari la asubuhi, nikashuka Biharamulo, nikauliza mpaka nikafika. Alikuwa kibarazani, miguu imeoshwa, bila mabuti. Sikuwa nimewahi kuiona miguu yake. Mguu wa kulia umevimba kweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Editha! Umekonda, au ni macho yangu?"

"Ni kesi, mama."

"Basi umekonda."

Binti yake alileta chai na muhogo wa kuchemsha, akakaa karibu nasi bila kuficha kwamba anasikiliza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalitoka kwa mkupuo mmoja. Nikamuuliza: kwa nini ulinipa ule mrija, wewe uliyenikataza?

Akasema, "Siku ile sikuwa Tume. Nilikuwa mjane. Niliona watoto wawili wa jirani yangu hawatazamani kwenye matanga ya mume wangu, nikaumia. Nilitaka mtazamane. Basi."

"Hukufikiria shamba?"

"Sikufikiria shamba hata kidogo. Nilikuja kulifikiria usiku, nikashindwa kulala."

"Na kwa nini hukusema hivyo kwa yule dada wa Tume? Ulisema tu kwamba nilikunywa."

"Kwani hukunywa?"

"Nilikunywa, mama, lakini..."

"Wanaume wote wa kata walikuwa wamejaa madirishani wanangoja nidanganye. Ningedanganya kwa ajili yako, mwanamke atakayekuja baada yako angeaminiwa na nani?"

Nilihisi hasira, na wakati huohuo niliona ana haki. Sijui kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja kwenye kifua kimoja, lakini kwangu vilikaa. Nikamwambia baraza ni wiki ijayo. Nikikuita, utasema nini?

"Nitasema ulikunywa." Akasogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Na wakiniuliza vizuri, nitasema na kaka yako alikunywa. Kama chungu kilizika ugomvi, kiliuzika ulivyokuwa siku ile. Siku ile nani alikuwa ndani ya shamba?"

"Mimi."

"Haya."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikauliza, "Mama, hilo ulilijua pale kwenye kata?"

"Sijui kama nililijua. Huenda nimelijua hapa kibarazani. Nina muda mwingi siku hizi."

Hapo ndipo binti yake alipoingilia. Hakupaza sauti. "Mama, mwambie na lile lingine. Kaka yake atakuuliza binti yako ulimpa nini. Utajibu nini?"

Mama Tume aliangalia uwanjani. Kuku walikuwa wanapekua kwenye maganda ya muhogo. Mimi niliona nimeingia mahali pasiponihusu, nikataka kuaga, lakini yule binti akanishika goti nikae.

"Nitajibu kwamba sikumpa," mama akasema mwishowe. "Nitasema niliogopa wanangu wa kiume wangenichukia. Nitasema nilijua sheria vizuri kuliko watu wote mle ndani na bado niliogopa."

"Mbele ya watu?"

"Si wataniuliza mbele ya watu?"

Binti yake alikusanya vikombe. Akaniambia, bila kumtazama mama yake, "Muite. Aulizwe." Akaingia ndani. Sikuweza kujua kama aliyasema hayo kwa uchungu au kwa upendo, na sitajifanya nilijua.

Mama Tume akasema, "Umesikia. Niite. Lakini mje na gari linalofika mpaka hapa, mguu huu haufiki barabarani."

Njia nzima ya kurudi nimewaza. Shahidi wangu atasema mambo mawili yatakayoniumiza na moja litakaloniokoa, na sijui baraza litachagua lipi. Wapo watakaosema yule ni mnafiki, na wana sababu. Wapo watakaosema bila yeye wanawake wengi wa kata hii wangekuwa wamelala nje, na hao wana ushahidi. Nimejaribu kumweka kwenye mizani moja, anateleza. Nikisema alinisaliti, nakumbuka benchi la polisi. Nikisema ni shujaa wangu, nakumbuka mrija.

Leo mchana nimempigia simu msaidizi wa kisheria nikamtajia jina la shahidi. Akasema, "Una hakika?" Nikamwambia hapana, lakini andika.

Jioni nimeona si haki kaka alikute jambo hilo barazani bila kujua. Nimekwenda uzioni nikamwita.

"Kaka, nimemwita Mama Tume."

Alicheka mpaka akashika mti. "Huyo? Huyo mimi ndiye ningemwita! Nitamuuliza alimpa nini binti yake."

"Muulize. Amesema aulizwe. Atajibu."

"Atajibu nini?"

"Kwamba aliogopa."

Aliacha kucheka. Alisimama pale na panga lake, akakwangua udongo kwenye ubao wa uzio ambao wala haukuwa na udongo. Akauliza, "Alisema hivyo yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Nikamkaribisha chakula, maana kilikuwa tayari na mkewe yuko kwao Rulenge. Alitazama moshi wa jiko langu kwa muda, halafu akasema atachelewa kufunga ng'ombe, akaenda.

Tulikula ndizi na maharage, Editha na mimi. Nilikuwa nimepika kwa watu watatu.